Dunia Kasoro Moja: Rasimu na Hitilafu katika Super Mario Bros.

Katika mchezo wa Super Mario Bros. kuna dunia ambayo hakuna aliyeiumba. Mchezo una dunia 8, kila dunia ina hatua 4, na jumla yake ni hatua 32. Hata hivyo, mchezaji anayejua njia anaweza kupenya ukuta mwishoni mwa hatua ya pili ya dunia ya kwanza, akaingia katika bomba lililo nyuma ya ukuta huo, na kujikuta mahali ambapo skrini imeandika -1. Ni hatua ya majini. Maji hayo hayaishi: ukifika kwenye bomba la kutokea unarudishwa mwanzo, na utaendelea kurudishwa mpaka muda umalizike na maisha yako yote yapotee. Wachezaji wa Kiingereza waliiita Minus World. Mimi napendekeza tuiite Dunia Kasoro Moja, na nitaeleza baadaye kwa nini jina hilo linaifaa kuliko la Kiingereza.

Baadhi ya wenzangu wameniuliza mchezo wa video unatafuta nini katika mkusanyiko wa insha za wanafunzi wa Kiswahili. Jibu langu ni kwamba tumefundishwa kusoma matini pamoja na historia yake: nani aliitunga, ilipita mikono ya nani, nakala moja inatofautiana vipi na nyingine. Mchezo wa video nao ni matini iliyoandikwa na watu, ikanakiliwa na wengine, ikasomwa na mashine kabla ya kusomwa na mchezaji. Wapenzi wa michezo ya zamani wamekusanya mambo mengi kuhusu mchezo huu, lakini mara nyingi huyaweka katika kapu moja: michoro ya awali iliyoachwa, na vituko vinavyotokea mchezo unapokwenda kombo. Vyote huitwa "siri". Hoja yangu ni kwamba hivi ni vitu viwili visivyopaswa kuchanganywa. Rasimu inatuonyesha uamuzi wa mtunzi. Hitilafu inatuonyesha namna mashine inavyosoma. Anayezichanganya hukosea kote kuwili: humpa mtunzi sifa za jambo ambalo hakulifanya, na hulidharau jambo ambalo alilifikiria sana.

Mchezo wenyewe na ulivyotufikia

Super Mario Bros. ilitolewa na Nintendo nchini Japani tarehe 13 Septemba 1985, kwa ajili ya mashine ya Famicom iliyokuwa sokoni tangu 1983. Waliobuni ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, muziki ni wa Koji Kondo, na kati ya waandishi wa programu jina linalotajwa zaidi ni Toshihiko Nakago. Ni mchezo wa majukwaa, yaani mchezaji hukimbia na kuruka kutoka jukwaa hadi jukwaa huku akikwepa mashimo na maadui. Nakala zaidi ya milioni 40 zimeuzwa.

Nakala zilizofika Gisenyi si sehemu ya hesabu hiyo. Hapa kwetu, kama ng'ambo ya mpaka kule Goma, mchezo ulikuja ndani ya mashine za kuigiza na kaseti za plastiki ya rangi kali, zilizouzwa meza moja na redio, tochi na betri. Kasha liliahidi maelfu ya michezo. Ukiwasha, unakuta michezo michache iliyorudiwarudiwa kwa majina tofauti: Mario yule yule, mara anaanzia dunia ya kwanza, mara dunia ya tano, mara jina la kampuni limefutwa na pengine taswira zimebadilishwa. Kaka zetu ndio waliozichosha kaseti hizo, na sisi wadogo tulizirithi zikiwa zinahitaji kupulizwa ndipo zikubali kuwaka. Nataja hili mapema kwa sababu litakuwa na uzito mbele ya safari. Wengi wetu hatukuwahi kuuona mchezo kama alivyouandaa mtunzi. Tuliuona kama alivyouacha mwanakili.

Rasimu: yale ambayo mtunzi aliyakataa

Kuhusu rasimu za mchezo huu tuna ushahidi mzuri, kwa sababu watunzi wenyewe wamezungumza. Mwaka 2010 Miyamoto na wenzake walihojiwa kwa kirefu na Satoru Iwata, aliyekuwa rais wa Nintendo. Mwaka 2015, mchezo ulipotimiza miaka 30, Miyamoto na Tezuka walionyesha mbele ya kamera karatasi za miraba walizotumia kuchora hatua kwa mkono. Kila mraba wa karatasi ulisimamia kigae kimoja cha skrini, na michoro hiyo ndiyo waliyopewa waandishi wa programu ili waigeuze kuwa namba.

Kutokana na maelezo yao tunajua mambo kadhaa. Kwanza, Mario hakuanza akiwa mdogo. Jaribio la awali lilikuwa mstatili mtupu wa vidoti 16 kwa 32 uliokuwa ukitembezwa kwenye skrini. Nia ilikuwa kupata mhusika mkubwa, kwani michezo ya wakati huo ilikuwa na wahusika wadogo. Wazo la kuanza mdogo, kisha kukua kwa kula uyoga, lilikuja baada ya hapo. Maana yake ni kwamba katika rasimu udogo ndio uliokuja wa pili, ingawa sisi wachezaji tunaanza nao.

Pili, katika mpango wa mapema Mario alikuwa aruke kwa kubonyeza mshale wa juu, na kitufe kilikuwa cha kushambulia kwa silaha. Kulikuwa pia na wazo la sehemu za angani ambapo Mario angepanda wingu na kufyatua risasi. Watunzi waliyaacha hayo. Kuruka kukapewa kitufe chake chenyewe, na anga ikabaki mahali pa kupanda kwa mmea na kuokota sarafu. Uamuzi huu mmoja ndio ulioamua aina ya mchezo. Kama mkono wa kulia ungebaki na silaha, mwili wa mchezaji ungejifunza kupiga. Kwa kuwa ulipewa kuruka, hata shambulio kuu la Mario ni kumtua adui kichwani.

Tatu, Goomba, yule adui wa kahawia anayekutana nasi wa kwanza kabisa, alitungwa mwishoni. Hapo awali adui wa kawaida alikuwa kobe. Kobe ana mambo mawili: unamkanyaga, kisha gamba lake linabaki na linaweza kukurudia. Waliojaribu mchezo waliona ni somo gumu mno kwa anayeanza. Akahitajika adui anayekufa kwa kukanyagwa mara moja, basi. Lakini nafasi ya kumbukumbu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Goomba akapewa mchoro mmoja tu wa mwendo, na mashine huugeuza kushoto na kulia ili aonekane anatembea.

Nafasi hiyo ilikuwa ndogo kiasi gani? Kaseti nzima ilikuwa na kilobaiti 40: 32 za programu na 8 za michoro. Picha moja ya simu ya mkononi siku hizi huzidi hapo mara nyingi. Ndiyo maana mawingu ya mchezo huu na vichaka vyake ni mchoro mmoja: wenye rangi nyeupe ni wingu, wenye rangi ya kijani ni kichaka. Hili si kosa wala siri. Ni ubanifu, kama ule wa mama wa nyumbani anayepata mapazia na mito kutoka kitambaa kimoja.

Mhakiki anapata nini katika haya? Anapata uwezo wa kuiona hatua ya kwanza upya. Mchezaji anayeanza anakuta Goomba, kisha matofali yenye alama ya kuuliza, kisha uyoga unaoteleza kuelekea kulia, unagonga bomba na kurudi kwake. Matofali ya juu yanamzuia asiuruke kwa urahisi. Anajikuta ameugusa, na badala ya kufa anakua. Miyamoto ameeleza kwamba mpangilio huo ulikusudiwa: mtu afundishwe bila kuandikiwa maelezo hata mstari mmoja. Bila rasimu tungeweza kudhani hatua hii rahisi ndiyo waliyoanza kuichora. Ukweli ni kwamba wepesi wake ulitengenezwa baadaye, na watu waliokwisha kujua mchezo mzima unataka nini. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi analijua hilo: somo la kwanza ndilo gumu kuliandaa.

Hitilafu: namba 36 iliyosomwa mara mbili

Sasa turudi kwenye maji yasiyo na mwisho. Hapa watunzi hawakuamua chochote, kwa hiyo swali la "alikusudia nini?" halina jibu. Swali linalofaa ni "imetokeaje?"

Mwishoni mwa hatua ya pili ya dunia ya kwanza kuna chumba chenye mabomba matatu ya kurukia dunia za 4, 3 na 2. Katika dunia ya 4 kuna chumba kingine chenye bomba moja tu, la kwenda dunia ya 5. Programu inaweka namba za vyumba hivi katika jedwali, tatu tatu kwa kila safu. Chumba chenye bomba moja nacho kinapaswa kuwa na namba tatu, kwa hiyo pande mbili zisizo na bomba zimejazwa namba 36. Kwa nini 36? Kwa sababu jedwali hilo hilo hutumika kuandika namba juu ya mabomba kwenye skrini, na katika orodha ya michoro ya mchezo, mchoro namba 36 ni kigae kitupu. Mwandishi alitaka pande hizo mbili pasionekane kitu. Aliandika "tupu", na "tupu" yake iliitwa 36.

Mchezaji anayeingia chumbani kwa njia halali huifanya skrini isogee mpaka mwisho, na mashine inapata nafasi ya kuchagua safu sahihi ya 4, 3 na 2. Anayepenya ukuta hufika kwenye bomba kabla skrini haijasogea vya kutosha. Wakati huo mashine bado imeshika safu ya chumba cha bomba moja. Akiingia bomba la katikati atapelekwa dunia ya 5. Akiingia la kushoto au la kulia, mashine husoma 36 na kumpeleka dunia ya 36.

Dunia ya 36 haipo. Lakini mashine haina uwezo wa kusema "haipo". Inahesabu hatua katika orodha ya dunia, inapita mwisho wa orodha, na kuchukua namba yoyote inayoikuta huko, ambayo kwa bahati inaelekeza kwenye hatua ya majini ambayo tayari imo katika mchezo. Kisha inataka kuandika juu ya skrini jina la dunia: 36, kistari, 1. Inapochora 36 inachora kigae kitupu. Kinachobaki ni kistari na moja.

Ushahidi kwamba hakuna mkono wa mtunzi hapa uko katika toleo la diski lililotoka Japani mwaka 1986. Huko ukifanya yale yale, dunia unayoingia ni nyingine kabisa: ina hatua tatu, inachanganya maji na maadui wasiokaa majini, na inaweza kumalizwa. Programu ni ile ile, lakini data zilipangwa tofauti, na mashine ilipovuka mwisho wa orodha ilikuta kitu kingine.

Kwa sisi tunaosoma historia ya maandishi ya Kiswahili, jambo hili si geni. Katika miswada ya kale ya hati za Kiarabu, herufi moja ya ba iliweza kusimamia b, p au mb, na alama moja ya irabu ilisimamia i na e. Maneno bata, pata na mbata yangeweza kuandikwa sawasawa. Msomaji aliyeijua lugha na kuijua mizani ya utenzi alichagua lililo sahihi bila kusita. Msomaji asiyejua alisoma lililo mbele ya macho yake. Mashine ya Famicom ni msomaji wa aina hii ya pili. Ameandikiwa 36 yenye maana ya "tupu", akasoma 36 yenye maana ya "dunia ya thelathini na sita". Maandishi hayakukosewa. Kilichokosekana ni msomaji wa kujua wapi 36 ni picha na wapi ni hesabu.

Na mchezaji pia amesoma vibaya. Kile kistari si alama ya kutoa. Ni kistari kile kile kinachotenganisha dunia na hatua katika 1-1, 1-2 na kuendelea. Kwa kuwa namba ya mbele haionekani, jicho limekifanya kistari kuwa sehemu ya namba. Jina la Minus World, lililozunguka ulimwengu mzima, limesimama juu ya usomaji wa pili wa kimakosa uliojengwa juu ya ule wa kwanza.

Kosa, kasoro, hitilafu

Kiswahili kina maneno matatu yanayotumiwa ovyo kwa jambo hili, na nadhani yanaweza kutusaidia tukiyatenga.

Kosa linatokana na kukosa. Lina mkosaji, na mkosaji huyo alilenga kitu akakikosa. Kasoro ni upungufu. Neno hili tunalitumia pia kwa saa: saa moja kasorobo ni saa moja iliyopungukiwa na robo. Kwa hiyo Kiswahili, tofauti na Kiingereza, kina neno moja linalobeba dosari na kutoa kwa pamoja. Ndiyo maana nasema Dunia Kasoro Moja ni jina bora: linasema kile ambacho jicho linakiona, -1, na linasema pia kwamba dunia hii ina upungufu, maana haina mlango wa kutokea. Hitilafu nayo ina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni tofauti, kutokukubaliana. Baadaye ndipo ilipochukua maana ya kuharibika, kama tunaposema hitilafu ya umeme.

Katika kisa cha 36, neno hitilafu ndilo linaloeleza zaidi. Kuna sehemu mbili za programu, kila moja ikiwa sahihi kwa upande wake, ambazo hazikubaliani kuhusu maana ya namba. Ndivyo ilivyo pia kwa hitilafu nyingine za mchezo huu. Katika hatua ya kwanza ya dunia ya 3 kuna ngazi ambapo mchezaji anaweza kumkanyaga kobe mfululizo na kuongeza maisha bila kikomo. Lakini programu hutunza idadi ya maisha katika baiti moja ambayo nusu ya thamani zake huhesabiwa kuwa chini ya sifuri. Ukivuka 127 umeingia upande huo, na siku Mario akifa mara moja tu mchezo unakwisha. Sehemu inayoongeza maisha inaona utajiri, na sehemu inayokagua kifo inaona deni. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, ingawa sidhani walikuwa wakifikiria baiti.

Mtu anaweza kunipinga kwamba haya yote ni takataka za kiufundi, hayana nafasi katika uhakiki wa sanaa. Nina majibu mawili. La kwanza ni kwamba hitilafu zimebadili namna mchezo unavyochezwa. Wanaoshindana kuumaliza kwa haraka wanajua kila ukuta unaopenyeka. Mwaka 2021 mchezaji anayejiita Niftski aliumaliza chini ya dakika 4 na sekunde 55, na hilo halingewezekana bila kutumia mambo ambayo mtunzi hakuyakusudia. La pili ni kwamba watunzi wenyewe hutazama. Katika mchezo huu mtu hodari aliweza kuruka kwa kujisukuma ukutani kutokana na hitilafu ya vidoti vichache, na katika Super Mario 64 ya mwaka 1996 kuruka kwa ukuta ni mbinu halali. Vilevile, katika mchezo uliofuata huko Japani mwaka 1986, anayemaliza bila kuruka dunia hata moja hufunguliwa dunia ya 9, yenye mandhari ya nchi kavu yaliyotumbukizwa majini. Ukiiweka kando ya dunia za ajabu ambazo wachezaji wa Japani walikwisha kuzipata katika mchezo wa kwanza, kwa kuchomoa kaseti ya Mario mashine ikiwa imewashwa, kuingiza ya tenisi, na kurudisha ya kwanza, unaona kwamba ladha ya upotovu imegeuzwa kuwa zawadi.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wa "siri". Kuipenda Dunia Kasoro Moja hakutupi ruhusa ya kusema Miyamoto aliificha. Nimesikia hadithi nyingi katika vyumba vya gemu vya hapa mjini, kwamba ukiogelea saa nzima utamkuta binti wa mfalme. Hutamkuta. Muda wa hatua hauruhusu hata hiyo saa moja. Hadithi kama hizo ni fasihi simulizi nzuri na zinastahili kukusanywa, ila kama fasihi ya wachezaji, si kama ufafanuzi wa mchezo.

Wanakili na wezi

Liko swali gumu zaidi: tunazipataje rasimu, na kwa haki gani? Chukua mfano wa mchezo mwingine wa majukwaa, Sonic the Hedgehog 2 wa kampuni ya Sega, uliotoka Novemba 1992. Wakati wa kuutengeneza kulikuwa na eneo lililoitwa Hidden Palace, ambalo liliachwa. Muziki wake ulibaki katika orodha ya sauti za mchezo bila eneo la kuupigia. Kwa maelezo ya Yuji Naka, mwandishi mkuu wa programu, nakala moja ya majaribio iliibwa kwenye maonyesho huko New York mwaka 1992. Nakala hiyo ilipita mikononi mwa wauza kaseti bandia, na mwaka 1999 ikafikia umma wa intaneti kupitia mpenzi wa mchezo aitwaye Simon Wai. Hapo ndipo watu waliliona eneo lililoachwa. Mwaka 2013 toleo jipya la simu lilitoka likiwa na eneo hilo, limekamilishwa upya.

Bila mwizi na mwanakili wa bandia, rasimu hiyo isingejulikana kwa umma. Sisi wa Gisenyi na Goma hatuwezi kujifanya hatuhusiki, maana utamaduni wetu wote wa gemu ulianza na wanakili wa aina hiyo. Hata hivyo sikubali kwamba kila kinachopatikana ni halali kusomwa. Mwaka 2020 mafaili mengi ya ndani ya Nintendo yalivujishwa, yakiwemo ya michezo ya Mario iliyofuata, na pamoja na michoro iliyoachwa yalikuwamo mawasiliano ya watu binafsi. Mchoro ulioachwa ni sehemu ya kazi. Barua ya mfanyakazi si sehemu ya kazi. Mhakiki anayeshindwa kuona mpaka huo amekuwa mpekuzi tu.

Wanakili wa tenzi zetu hawakuwa wezi, lakini tuna deni kwao la namna hiyo hiyo. Nakala za Al-Inkishafi hazilingani zote kwa idadi na mpangilio wa beti, na mashairi ya Muyaka bin Haji yasingetufikia kama yalivyotufikia bila Mwalimu Sikujua na wenzake walioyaandika. Kila nakala ina alama za mkono ulioishika. Kaseti zetu za rangi kali, zenye Mario anayeanzia dunia ya tano, ni nakala za aina hiyo. Zinatueleza mengi kuhusu soko la hapa, na machache kuhusu mtunzi. Zimetupwa nyingi, kwa kuwa kila mtu anaziita bandia.

Kwa nini tofauti hii ina maana kwetu

Nimesema hitilafu maana yake ya kwanza ni tofauti. Wanafunzi wa Rubavu wanajua uchungu wa neno hilo. Tunakua tukisikia Kiswahili cha Goma kila siku, katika foleni ya Petite Barrière, sokoni na kando ya ziwa. Tunasema batoto, tunasema muzuri. Tukifika darasani, kalamu nyekundu inaandika "kosa". Mwalimu wangu mmoja wa sekondari alikuwa na desturi ya kuhesabu makosa hayo kwa sauti.

Sisemi kwamba Kiswahili cha Goma ni ubovu wa Kiswahili sanifu kama Dunia Kasoro Moja ilivyo ubovu wa mchezo. Hapo mfano wangu unafika kikomo, kwa sababu Kiswahili cha Goma hakikutokana na usanifu kuharibika. Kina historia yake na kanuni zake. Ninachosema ni kwamba namna ya kuuliza ni moja. Mtu anayesema batoto husema hivyo kila mara, na husema pia batu na balimu. Jambo linalojirudia kwa utaratibu lina kanuni nyuma yake, na kazi ya msomi ni kuitafuta kanuni hiyo kwanza. Akiipata, bado anaweza kumwambia mwanafunzi kwamba katika mtihani wa Kiswahili sanifu aandike watoto. Hapo amefundisha sajili mbili. Akiandika "kosa" peke yake, amefanya kama ile mashine: amesoma bila kujua yuko katika jedwali lipi.

Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, na michezo inaanza kutungwa na watu wa kanda hii. Studio ya Weza Interactive ya Nairobi, kwa mfano, imetengeneza mchezo uitwao Mzito. Siku moja wanafunzi watakaotufuata watataka kuhakiki kazi hizi kama nilivyojaribu kuhakiki kazi ya 1985. Watahitaji karatasi za miraba, matoleo ya majaribio, orodha za mambo yaliyoachwa na sababu za kuachwa. Miyamoto na Tezuka waliweza kuzionyesha zao baada ya miaka 30 kwa sababu kuna aliyezitunza katika kabati badala ya kuziona uchafu. Wanaotunga michezo, na hata sisi tunaotunga insha na mashairi katika kundi hili, tunaweza kuanza leo kwa kuandika tarehe juu ya rasimu na kutoifuta. Na mwenye kaseti ya zamani nyumbani asiitupe kabla hajaandika mahali fulani: ina michezo gani kwa kweli, kila mmoja unaanzia wapi, na ilinunuliwa upande gani wa mpaka.